Nzuri, Ila Hilo Tawi

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi niliposema: "Nzuri sana Mwalimu, ila hilo tawi linaharibu."

Maneno saba. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika falsafa, na katika kurasa zote nilizokwisha kuzijaza hakuna sentensi iliyowahi kutenda jambo lolote duniani. Hii ilitenda ndani ya wiki mbili.

Picha yenyewe ilikuwa ya chozi. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama mundu, anayenyonya maua ya migomba asubuhi kabla hujaamka. Dume akipigwa na jua hung'aa kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi. Jike hana makuu, ana rangi ya majani makavu. Wa Mwalimu alikuwa jike: ameng'ang'ania mlango wa kiota chake kinachoning'inia, kiwavi mdomoni, na ndani ya mlango ule vilionekana vinywa viwili vya makinda, vya rangi ya chungwa, vimeachama. Mbele ya hayo yote, kutoka kona ya chini hadi karibu na jicho la mama, lilipita tawi la mpera lenye majani manne. Kwa kuwa lilikuwa karibu mno na lenzi, lilitoka kama moshi wa kijani.

Tulikuwa watano chumbani. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, Jumamosi jioni, katika chumba cha nyuma cha duka moja la steshenari hapa Songea mjini, mwenye duka akishafunga. Kila mtu huleta picha tatu, zisizidi. Tukiruhusu nne, kijana wetu wa bodaboda ataleta arobaini. Yeye hupiga kwa simu, popote abiria wanapomfikisha. Yupo dada wa maabara, anayependa buibui kuliko watu. Yupo mwenye duka, ambaye picha zake ni za mawingu juu ya milima ya Matogoro tu, mwaka mzima, na haoni haja ya kujieleza. Yupo Mwalimu. Halafu mimi, nisiye na kamera ya maana, ila nimerudi nyumbani kuandika kuhusu falsafa ya uzuri, na kwa sababu hiyo wakanipa kazi ya kuhakiki. "Wewe ndiye mwenye maneno," alisema mwenye duka siku ya kwanza. Sikukataa. Nani hukataa?

Mwalimu alinifundisha darasa la tano. Alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua kamera iliyotumika na lenzi ndefu, na mke wake hadi leo akiiona ile kamera huhesabu mabati ambayo yangepatikana. Nikimkuta njiani namwamkia shikamoo, naye huniitikia marahaba mwanangu, kisha hunishikia mkono muda mrefu kama watu wa umri wake wanavyofanya. Lakini mbele ya kompyuta alitangaza mapema: "Hapa mimi ndiye mwanafunzi. Msinionee haya." Alikuja na daftari. Alikuwa akiandika tunachosema.

Sasa, kumkosoa mtu aliyekufundisha kugawanya sehemu si jambo jepesi kwetu. Lugha imetupa mlango wa uani, nao ni neno "ila". Unaanza na nzuri, hongera, umejitahidi sana, kisha unapita kwa "ila". Wote tunajua kwamba yaliyo kabla ya "ila" ni salamu na yaliyo baada yake ndiyo ujumbe. Na neno lenye umbo hilohilo likisimama peke yake ni nomino: ila ni dosari, doa, mtu asiye na ila ni mtu asiye na walakini. Nikisema "nzuri, ila" nimekwisha kusema kuna doa hata kabla sijalitaja.

Nililitaja. Mwalimu akaandika daftarini: *tawi*.

Kanuni tunazozitumia hatukuzibuni sisi. Jicho la mnyama liwe kali. Usimweke katikati kabisa. Nyuma yake pawe safi, mbele yake pasiwe na kitu. Shuka usawa wake. Hili la mwisho tuliligeuza utani wetu, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mwalimu akiinama kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Tumezipata kanuni hizi kwa kutazama picha zinazoshinda kwingine, na ukitazama za kutosha unaanza kudhani kwamba msitu wenyewe umekosea. Majani mengi mno. Nyasi zimesimama vibaya. Ndege ameamua kukaa kivulini, kana kwamba hajui.

Baada ya wiki mbili Mwalimu akaleta picha ya pili. Ndege yuleyule, kiota kilekile, vinywa vilevile, lakini sasa mwanga wa saa moja asubuhi uliingia moja kwa moja hadi kwenye koo la kinda mmoja. Ungeweza kuhesabu nyuzi za utando wa buibui ambazo jike wa chozi hushonea kiota chake. Nyuma palikuwa pametulia, kijani kimoja laini. Tawi halikuwepo.

Kijana wa bodaboda alipiga mluzi. Dada wa maabara, ambaye hasifii chochote kisicho na miguu minane, alisogeza kiti. Mimi nikasema, "Sasa hii ndiyo picha." Mwenye duka aliichapa kwenye karatasi ya A3, kwa gharama zake, akaibandika mlangoni upande wa ndani wa kioo, ambapo kila anayekuja kutoa kopi lazima aione. Katika sifa zote zile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tawi limekwenda wapi.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilipita kwa Mwalimu, upande wa Matogoro, kurudisha kitabu. Mpera uko karibu na karo la kufulia. Niliziona alama kabla ya kukiona kiota: vidonda vitatu vyeupe kwenye shina, vimekatwa vizuri kwa mkasi wa kupogolea, kwa mkono wa mtu anayejua miti. Vitatu, si kimoja. Kiota kilining'inia peke yake juani kama soksi iliyosahaulika kwenye kamba. Ubavu wake mmoja ulikuwa umechanwa. Ndani hamkuwa na kitu.

"Walikuwepo mpaka Jumatano," Mwalimu alisema. "Alhamisi asubuhi nikakuta hivyo. Labda kunguru." Alinyamaza kidogo, kisha akasema bila lawama yoyote, kama mtu anayeonyesha daftari lake lisahihishwe: "Nilifanya ulivyosema, mwanangu."

Siku mbili nilizofuata nilizitumia kutafuta wakili wa kunitetea, na wakili akapatikana, maana mtu aliyesoma falsafa hakosi wakili. Kwanza, sikusema kata. Nilisema tawi linaharibu picha, na kuhusu picha ilikuwa kweli. Pili, viota vingi vya ndege wadogo haviishii vizuri. Nyoka wapo, siafu wapo, kunguru walikuwepo Songea kabla ya kamera ya Mwalimu. Huenda makinda yale yangeliwa hata kama mpera ungebaki msitu. Hoja hii ya pili ni kweli kabisa, na ndiyo maana ni hatari. Hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwamba tawi fulani lingemzuia kunguru fulani siku ya Alhamisi.

Kilichonitoa humo ni duma. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya kuwafuatilia duma majike katika eneo la Maasai Mara, Kenya. Kwenye sehemu zenye watalii wengi, jike alifanikiwa kukuza kwa wastani watoto 0.2 katika kila uzao hadi wakajitegemea. Kwenye sehemu zenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Hakuna gari lililowakanyaga watoto hao. Kila gari lilisimama tu, mlio wa kamera ukasikika, watu wakasema ametulia kweli huyu, wakaondoka na picha nzuri. Ukimkamata dereva mmoja mmoja, kila mmoja ana wakili wangu. Ukiwaweka pamoja, karibu watoto wote hawapo.

Basi nikaacha kuuliza kama mimi ndiye niliyewaua makinda wawili. Swali hilo linanipendelea, kwa sababu halina jibu. Nilianza kuuliza jingine: mtu anapohakiki picha ya kiumbe hai, anahakiki nini?

Jibu lililokuwa kichwani mwangu miaka yote ni lile la darasani. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, alitaka hukumu ya uzuri iwe huru na tamaa: nikiona kitu ni kizuri, sitaki kukila, kukiuza wala kukimiliki. Nimewahi kulifundisha hilo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikatoa mfano wa ndege. Ndege juu ya mti, nilisema, tunamfurahia bila kumhitaji. Leo mfano ule unanichekesha. Mwalimu hakutaka kumla chozi wala kumfuga. Alichotaka ni aonekane vizuri, na kwa kutaka hilo tu alimwondolea dari.

Neno "dari" nimelitafuta muda mrefu. Allen Carlson, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada, aliandika mwaka 1979 kwamba kosa letu kubwa ni kuitazama asili kana kwamba ni mandhari iliyotundikwa ukutani. Ili uithamini inavyostahili, alisema, inabidi ujue ni nini unachokiona na kinafanya kazi gani pale kilipo, kama vile huwezi kuhukumu muziki kwa kutazama umbo la vyombo. Nilikuwa nimeunukuu mwandishi huu mara nne katika sura ya pili ya tasnifu yangu. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta, nikaona tawi la mpera, nikaliita doa. Kwenye picha lilikuwa doa. Kwa chozi lilikuwa ukuta wa kusini na dari. Kusoma Carlson hakukunisaidia kuliona hilo; kulinisaidia tu kujua, baadaye, jina la nilichokosea.

Na lugha, ambayo ilinipa mlango wa "ila", ilinishtaki pia. Tunasema kukosoa. Angalia lilivyoumbwa: kufunga na kufungua, kuchoma na kuchomoa, kukosa na kukosoa. Kukosoa ni kufumua kosa, kuliondoa lilipo. Tunajifanya kwamba hilo hutendeka hewani, kwa maneno. Mwalimu, mwanafunzi mwema kuliko sisi sote, alilichukua neno kama lilivyo. Aliliondoa kosa kwa mkasi.

Wapo watakaosema hii ni hadithi ya amateri, kwamba wajuzi wana kanuni. Ni kweli wanazo. Shindano kubwa la picha za wanyamapori linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London linakataza chambo hai na linakataza kumsumbua mnyama kwa ajili ya picha. Lakini tazama ni kosa gani lililovuma. Aprili 2018 shindano hilo lilimvua ushindi mpiga picha wa Brazili, Marcio Cabral, baada ya wataalamu kuridhika kwamba mnyama mla mchwa aliyeonekana kwenye picha yake ya usiku alikuwa amejazwa pamba, mwenyewe alikana. Dunia ilichukizwa, na nilichukizwa nayo. Sasa fikiria: kama shutuma ile ni kweli, hakuna mnyama aliyeumizwa usiku ule. Aliyedhurika ni mtazamaji, kwa kudanganywa. Picha ya Mwalimu, kwa upande mwingine, haina uongo hata punje. Ndege ni wa kweli, kiota ni cha kweli, mwanga ni wa jua. Ingepita ukaguzi wowote. Uongo huacha alama ndani ya picha, na mwenye jicho anaweza kuukamata. Tawi lililokatwa haliachi alama yoyote isipokuwa kutokuwepo kwake, na kutokuwepo kwake ndiko tulikokupigia makofi.

Hata sisi wadogo tulikuwa tumeogopa uongo tu. Miezi michache nyuma kijana wa bodaboda alileta picha ya swala aliyempiga katika bustani ya wanyamapori ya Luhira, humuhumu ndani ya manispaa, akaikata ili uzio usionekane. Tulimhoji kama polisi. Mimi ndiye niliyetunga sheria kwamba mnyama wa ndani ya uzio atajwe. Tulijiona watu wa maadili sana siku ile.

Wa zamani walikuwa wazi zaidi, sijui niseme walikuwa bora au walikuwa na haya kidogo. Mjerumani Carl Georg Schillings, mmoja wa watu wa kwanza kuwapiga picha wanyama wa nchi hii usiku kwa mwako wa baruti, alikuwa akiwafunga ng'ombe na punda hai ili simba waje mbele ya kamera. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1905, na jina lake likifasiriwa ni kama kusema "Kwa Mmweko na Bunduki". Vyote viwili kwenye jalada, bila kuficha. Sitaki kulazimisha uhusiano, lakini mtoto wa Songea hausomi mwaka 1905 akapita tu. Ni mwaka ambao vita vya Majimaji vilianza, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa mjini na serikali ileile iliyompa Schillings nchi ya kutembea na punda wake. Nikiziona picha zake siwezi kumtazama simba. Namtazama punda. Hakuna kanuni ya upigaji picha inayomtaka mtazamaji amtazame punda.

Lakini ipo picha nyingine, karibu zaidi na kwetu, ambayo sitaki kuisahau kwa sababu ya hasira. Huko Rungwe, watu walikuwa na jina la nyani mwoga wa msituni ambaye sayansi haikuwa naye: kipunji. Watafiti waliongozwa na habari za wenyeji mpaka wakamwona mwaka 2003. Timu nyingine ikamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Kwa desturi, ili spishi mpya itambulike, lazima pawe na mwili: ngozi, fuvu, kitu cha kuwekwa kwenye droo ya makumbusho. Hawa walikataa kumuua hata mmoja kati ya wanyama wachache namna ile. Mei 2005 jarida la *Science* lilichapisha maelezo ya spishi mpya, na kielelezo chake rasmi kikawa mnyama aliye kwenye picha. Baadhi ya wanasayansi walilalamika kwamba picha si mwili. Miezi michache baadaye mkulima wa Rungwe alimkuta kipunji amekufa kwenye mtego shambani, na kwa mwili huo, mwaka 2006, mnyama huyu akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Lakini kwa kipindi kile kifupi picha ilikaa mahali pa maiti ili maiti isihitajike. Sidhani kama mtu aliuliza kama kulikuwa na tawi mbele.

Kwa hiyo sikuweza kusema tuache kupiga picha. Nilichoweza kusema sikujua bado.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alinitangulia. Kabla kompyuta haijawashwa alisimama, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele yetu miaka ile, akaeleza: matawi matatu, mkasi, Jumatano, Alhamisi. Hakunitaja. Ilibidi nijitaje mwenyewe, na nilipofanya hivyo aliniangalia kwa jicho la kuniambia haikuwa lazima.

Kisha watu wakaanza kuungama, bila kuombwa. Kijana wa bodaboda alisema wale ngedere wake watatu wanaotazama kamera kwa mshangao, picha tuliyoipenda wote, walikuwa wakitazama jiwe alilolirusha. Dada wa maabara, kwa sauti ya chini, alisema huwaweka buibui kwenye friji dakika kumi ili watulie. "Hawafi," aliongeza. Kisha akasema tena, "Wengi hawafi." Mwenye duka akainua mikono: "Mimi mawingu sijayafanya kitu." Tulicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Ni yeye lakini aliyenipinga nilipopendekeza kwamba kabla ya kusema neno lolote kuhusu picha, tumuulize mwenye nayo alisimama wapi, alifanya nini ili aipate, na alipoondoka aliacha hali gani. "Tutakuwa baraza la kata," alisema. "Leo tawi, kesho tutaulizana nani amekanyaga nyasi." Nilijiandaa kumjibu, akanizuia kwa mkono. Akaniambia nikae dukani kwake siku moja mchana, niwatazame watoto.

Nilikaa. Wanakuja kutoa kopi za mitihani, au kununua kalamu ya mia tano. Wavulana wa hapa wana manati. Mimi mwenyewe nimekula shore wa kuchoma nikiwa mdogo, na sitajifanya walikuwa wabaya. Watatu walisimama mbele ya picha ya chozi muda ambao hakuna mtoto husimama mbele ya kitu kisichosogea. Mmoja aliwaonyesha wenzake vile vinywa kwa ncha ya kidole. "Kumbe wana watoto," alisema. Alikuwa na mpira wa manati umening'inia mfukoni.

Nimeshindwa kumjibu mwenye duka kuhusu hilo. Ningependa kusema kwamba picha ya kwanza, yenye tawi, ingewasimamisha vilevile. Sina hakika. Moshi wa kijani ulifunika nusu ya kiota, huenda wangepita. Inawezekana kabisa kwamba makinda wawili waliokufa wanawalinda wengine, kwa idadi nisiyoweza kuihesabu, na hapo ndipo mahesabu yanapoanza kunitisha, kwa sababu mtu yeyote mwenye mkasi anaweza kuyafanya kabla ya kukata. Yule wa duma anayafanya: picha hii itawafanya watu wawapende duma. Ninachokikataa ni kuyafanya mahesabu hayo mapema, na kwa niaba ya anayetoka damu. Kuyakuta yamekwisha kufanyika ni jambo jingine. Picha ipo. Watoto wameiona.

Lililobaki lilikuwa maandishi. Mwalimu alitaka nakala itundikwe kwenye maktaba ya shule aliyostaafia, na ya mlangoni nayo ipate maelezo. "Andika maneno mazuri," aliniambia, "wewe ndiye mwenye maneno." Hapo nikamkumbuka Nick Brandt, mpiga picha Mwingereza aliyewakuta ndege na popo waliokufa na kukauka kwa magadi kando ya Ziwa Natron, akawaweka wamesimama juu ya vijiti kama walio hai, akawapiga picha. Alieleza wazi alichofanya. Mwaka 2013 picha zilipoenea duniani maelezo yalidondoka njiani, ikabaki habari ya ziwa la Tanzania linalowageuza wanyama kuwa mawe. Ziwa lilelile ambalo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, wale ambao kamusi huwaita heroe, hulitegemea kuzaliana. Maelezo ni kitu kinachodondoka. Lakini kisichoandikwa hakina hata cha kudondosha.

Nilifikiri ufumbuzi upo: tubandike picha zote mbili, ya tawi na isiyo na tawi, bega kwa bega, watu waone. Nilimpigia simu Mwalimu nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza sura ya mwisho. Nikamwomba ile ya kwanza.

"Ile nilishaifuta, mwanangu," alisema. "Kadi ilikuwa imejaa. Si ulisema imeharibika?"

Basi nikaandika kwa kalamu nyeusi kwenye ukingo mweupe chini ya picha: *Chozi jike akilisha makinda wawili. Matogoro. Matawi matatu ya mpera yalikatwa ili waonekane. Siku chache baadaye kiota kilikutwa kimechanwa, kitupu.* Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasema nimesahau kuweka tarehe. Nikaiweka.

Wiki iliyopita nilikuwa pale dukani, mwanamke mmoja akisubiri kopi za cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Aliisoma picha kwa muda, akayasoma maandishi, akairudia picha akitafuta kitu kwa macho kutoka kona hadi kona.

"Matawi gani?" akaniuliza. "Mbona mimi siyaoni?"